Kutoka wa Kwanza Hadi wa Tisa

Jumapili, 27 Aprili

Viatu vya mchezo viko kwenye beseni la kuogea. Maji ya tatu haya na bado yanatoka meusi. Udongo wa Edmonton, huku London kaskazini, hautoki kwenye kiatu, unahama tu kutoka meno ya mbele kwenda ya nyuma. Salma amechungulia, akaona beseni, akasema "Mum, seriously?" akafunga mlango. Mtoto nimzae mimi, aogope tope yeye.

Mechi ya kwanza ya besiboli msimu huu. Tumeshinda. Nimepiga wa kwanza, kama kila mwaka tangu nijiunge na timu hii. Miaka saba. Nimefika besi ya kwanza mara tatu, na mbili kati ya hizo sikupiga hata mpira. Niliiacha mibaya ipite. Mrushaji akikosea mara nne unatembea bure. Watu wanadhani kutopiga ni kusimama tu kama mti. Waje wasimame wao. Kisha nikaiba besi ya pili. Mrushaji kainua mguu, mimi nimeshaondoka, bila kungoja mwenzangu apige. Nikarudi nyumbani mara mbili. Pointi mbili hizo.

Grupu la WhatsApp la timu: picha zote za Connor. Kijana mgeni, Mkanada, amekuja kusoma. Mabega kama kabati la nguo. Amepiga mpira mmoja ukavuka miti mpaka kwenye magari. Sawa, pigo zuri, nimelishangilia mwenyewe. Lakini wakati anapiga, besi ya pili alikuwa nani? Mimi. Kwenye picha naonekana kiwiko.

Kiwiko.

Jumanne, 29 Aprili

Kazini, nyumba ya wazee. Mguu unauma nikimwinua Bibi wa chumba cha mwisho, nikajifanya hauumi. Mwenzangu Grace ameniuliza tena huo mchezo wangu ni upi. Nimemweleza kwa mara ya kumi. Besi nne, zimekaa pembe nne kama miguu ya kitanda. Unaanzia nyumbani, unazunguka, unarudi nyumbani. Ukirudi, pointi. Kila mtu ana zamu yake ya kupiga, wa kwanza hadi wa tisa, halafu mnaanza upya.

Grace akauliza, sasa unaondoka kwa nini kama unarudi palepale?

Nikamwambia anishikie shuka upande ule. Nimechoka.

Jumapili, 11 Mei

Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Nikasimama kupiga. Mrushaji wao mpira umemponyoka mkononi, ukanijia ubavuni. Nikakwepa. Mtu yeyote angekwepa. Mpira mgumu kama jiwe, unakuja kwa kasi ya bodaboda.

Kumbe kosa. Sheria inasema mpira ukikugonga unapewa besi ya kwanza bure. Naijua hiyo sheria. Kila mtu anaijua. Wenzangu hugeuza mgongo kidogo, wanapokea, wanasaga meno, wanaenda besi wakichechemea na makofi juu. Mimi nikakwepa, zamu ikaendelea, nikapiga mpira dhaifu ukadakwa. Tukafungwa.

Mzee Harish hakupiga kelele. Kocha wetu huyo, Mhindi wa Dar, ana duka la vifaa vya umeme Queensbury, na besiboli aliipatia Toronto kabla hajahamia huku. Mbele ya timu anaongea Kiingereza. Kiswahili anakiweka kwa ajili yangu peke yangu, akitaka kunisema bila wengine kuelewa. Kwa hiyo nikisikia Kiswahili uwanjani, najua nimekosea.

"Dada Rehema," akasema, "ule mpira ulikuwa zawadi. Wewe kila mwaka unazikataa zawadi. Kwa nini?"

Nikasema sijui, Kocha. Najua vizuri sana. Ila ningeanzia wapi kumwambia mwanaume wa miaka sitini na kitu habari za rede?

Jumatano, 14 Mei

Rede, basi. Niiandike hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Tanga, Ngamiani, uwanja mdogo nyuma ya nyumba yetu. Warushaji wawili, mmoja huku mmoja kule, na wewe katikati na chupa. Mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa mifuko ya nailoni, ukifungwa vizuri unauma kweli. Wao wanakutupia, wewe unakwepa huku unajaza chupa mchanga. Ukiguswa, hata upindo wa gauni, umetoka. Unakaa pembeni na wadogo mpaka giza linaingia na mama anaita.

Mrushaji hatari kuliko wote mtaani alikuwa dada yangu, Mwanaidi. Alinitupia mpira tangu nina miaka mitano mpaka alipoolewa. Kwa hiyo mwili wangu ulijua kukwepa kabla macho hayajajua kusoma. Hiyo ndiyo siri ya kuiba besi pia, kama kuna mtu angeniuliza. Naangalia bega la mrushaji. Bega linasema kabla ya mkono. Mwanaidi alinifundisha hilo bila kukusudia, kwa kunipiga.

Sasa mwili uuambie leo kwamba huku London kuguswa ni faida. Hauelewi. Unajibu kwa lugha yake.

Nimempigia Mwanaidi huko kwake Woolwich kumweleza. Amecheka mpaka akakohoa. Akasema mwanamke wa miaka thelathini na nane, suruali ya kubana, anakimbizana na Wazungu kwenye bustani. Nikakata simu. Nikampigia tena kumuaga vizuri, maana ni dada.

Jumapili, 1 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Besi zote tatu zina watu wetu. Pointi sare. Zamu yangu. Mrushaji ana woga, naona begani. Mpira unakuja moja kwa moja kwenye nyonga. Nikisimama tu, kusimama tu kama nguzo ya umeme, nagongwa, napewa besi, kila mtu anasogea, yule wa besi ya tatu anaingia nyumbani na tumeshinda.

Nikajipinda. Sikufikiri. Nilijipinda vizuri sana, nadhani Mwanaidi angenisifu. Mdakaji akaudaka. Mpira uliofuata nikaukosa, kosa la tatu, nikatoka. Tukafungwa kipindi kilichofuata.

Mzee Harish akanisubiri kwenye gari lake. Akazungumza Kiswahili.

"Kuanzia mechi ijayo Connor anaanza. Wewe utapiga wa tisa."

Wa tisa ndio wa mwisho. Pale huwekwa asiyejua kucheza, aliyemfuata tu rafiki yake.

Nikasema, "Sawa, Kocha."

Sawa, Kocha! Miaka saba ya kufika besi na kurudi nyumbani, na mdomo wangu ukatoa hayo mawili. Nilikuwa na mengine mengi. Yote yamenijia kwenye treni ya Overground, baina ya Edmonton Green na Silver Street, yakiwa yamepangika vizuri na hakuna wa kuyasikia ila mama mmoja na kigari chake cha sokoni.

Jumatatu, 2 Juni

Asante ya punda ni mateke.

Jumapili, 15 Juni

Nimepiga wa tisa. Nimekaa kwenye benchi kiasi kwamba nimemaliza pakiti ya karanga.

Connor anapiga wa kwanza. Mpira wa kwanza anaoletewa, mzuri mbaya, anaupiga. Hawezi kuacha kitu kipite. Ni kama mtu aliyekaribishwa shughulini akaanza kula kabla ya bismillahi. Mara mbili ametoka hata sijamaliza kufunga kamba za kiatu. Kazi ya wa kwanza ni kumchosha mrushaji, kumfanya aonyeshe alichonacho, ili wenzako nyuma wajue kinachokuja. Connor hajui na hakuna anayemwambia. Mara ya tatu akaupeleka mpira kwenye miti na wote wakasahau zile mbili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kijana ana adabu. Ananibebea gongo langu la kupigia. Ananiita Auntie, sijui nani kamfundisha. Ningependa awe mjeuri nimchukie kwa raha.

Nimefika besi mara moja. Nikaiba ya pili, nikaiba ya tatu. Nikaachwa hapohapo, walionifuata kupiga wakatoka.

Jumamosi, 28 Juni

Nimeenda Woolwich. Wazo langu, na tayari najuta.

Mwanaidi alikuwa amepika pilau, nikala kwanza, kisha nikamwomba anitupie mpira. Akadhani natania. Nikatoa mipira ya tenisi kwenye mkoba. Nikamwambia nataka nisimame, wewe unigonge, mimi nisikwepe. Akaniangalia. Akafunga kanga kiunoni juu ya gauni, akatangulia kushuka ngazi bila kuniuliza mara ya pili. Ana miaka arobaini na sita, ana sukari na goti bovu. Kwenye ngazi alikuwa ananiacha.

Tumesimama nyuma ya ghorofa yao, kando ya mapipa ya taka. Mpira wa kwanza nikakwepa. Wa pili nikakwepa. Akasonya. Wa tatu nikafumba macho, nikakwepa hata hivyo, sijui mwili ulijuaje. Jirani mmoja, mama wa Kinaijeria, akafungua dirisha akauliza kama tuko salama. Mwanaidi akamwambia kwa Kiingereza chake cha sokoni kwamba haya ni mambo ya familia. Dirisha likafungwa.

Tumefanya mpaka mkono wake ukachoka. Nimeguswa mara chache, na zote kwa sababu niliteleza. Mwanaidi amefurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Ameniambia nije tena wiki ijayo.

Jumamosi, 12 Julai

Leo nimesimama.

Nimegundua njia. Nisiangalie bega lake. Nikiangalia bega, nimeshaondoka. Naangalia mlango wa ghorofa nyuma yake, pale kwenye tangazo la kukataza mbwa, nauacha mpira uje. Unauma. Mwanaidi hatupi kidada. Paja, mkono, ubavu. Kila akinigonga anasema "Umetoka," kwa mazoea, na mimi namjibu nimeingia, nimeingia!

Nimerudi na basi nimesimama njia nzima. Siwezi kukaa.

Jumatano, 16 Julai

Haya ndiyo maisha yangu.

Meneja ameniita ofisini, akafunga mlango, akanipa chai. Chai ya ofisini kwetu haitolewi bure, nikajua kuna jambo. Akasema kwa sauti ya taratibu kwamba wenzangu wameona alama kwenye mikono yangu. Akaniuliza kama nyumbani kuko salama. Akaniuliza kama kuna mtu ananipiga.

Nikajibu kwa ukweli, maana nililelewa hivyo. "Dada yangu."

Akaweka kikombe chini.

Nikaona nimekosea, nikaanza kufafanua. Nikasema ni kwa hiari. Nikasema mimi ndiye niliyemwomba. Nikasema ananipiga ili nizoee. Kila nilichoongeza kilikuwa kibaya kuliko cha kabla. Mwishowe nikamwonyesha video ya besiboli kwenye simu, mtu anagongwa na mpira anakwenda besi ya kwanza akitabasamu. Akaitazama mara mbili. Akasema ameelewa, lakini nimeona usoni kwamba hajaelewa, na amenipa namba ya simu ya watu wa kusaidia wanawake niiweke tu, kwa ajili ya siku yoyote.

Nimemsimulia Mwanaidi. Amekasirika kweli. Eti mimi ndiye nimemchafulia jina.

Jumapili, 27 Julai

Mvua. Mechi imeahirishwa tukiwa tumeshavaa. Saa nzima chini ya mti na watu wanaokula chipsi. Mzee Harish anasema tukishinda mechi iliyobaki tunaingia fainali. Ametaja mpangilio. Connor wa kwanza. Hakuniangalia alipofika mwisho.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno. Kocha, unapoteza vipindi viwili kila mechi kwa kumweka mtu asiyesubiri. Kocha, mimi ndiye wa kwanza wako. Nikamsaidia kubeba mipira kwenye gari.

Jumapili, 17 Agosti

Tumeingia fainali. Nimefika besi mara mbili, nimeiba mara mbili. Hakuna mpira ulionijia mwilini hata mmoja. Nina paja la rangi ya bilinganya na hakuna wa kulitumia.

Jumamosi, 30 Agosti

Fainali kesho. Mwanaidi anasema anakuja. Sikumwalika. Anasema amewekeza.

Jumapili, 31 Agosti

Mwili mzima unauma. Naandika nimelala kwa upande, mwandiko ni huu.

Mwanaidi alifika na kiti cha kukunja, mwavuli, hotpoti na miwani ya jua. Akakaa nyuma ya besi ya tatu kana kwamba uwanja ni wake. Mzee Harish akamsalimia shikamoo kwa kuchanganyikiwa, wakati yeye ndiye mkubwa, na Mwanaidi akaitikia marahaba bila aibu.

Mechi ilikuwa ngumu. Mrushaji wao alikuwa mwanamke mrefu, mkono mzuri, hana haraka. Connor mara tatu alikwenda, mara tatu alipiga mpira wa kwanza, mara tatu alidakwa. Mimi nilikwenda mara mbili, nikafika besi mara moja. Kufika kipindi cha mwisho tulikuwa sare, na sisi ndio tunapiga. Na ikatokea, kwa hesabu za zamu tu, kwamba anayeanza kipindi ni wa tisa.

Kwa hiyo nikawa wa kwanza. Mzee Harish alitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akapumua. Nilimsikia.

Nikasimama. Mpira wa kwanza ulikuwa mbaya, nikauacha. Wa pili ulimponyoka. Niliuona ukitoka vidoleni, ukija ndani, mbavuni. Na mimi nikatafuta kitu cha kutazama nyuma yake, nikakuta gari la aiskrimu, nikalitazama gari la aiskrimu kwa moyo wangu wote.

Ukanipiga. Pumzi ilitoka yote. Nilisikia Mwanaidi anapiga vigelegele. Nikaweka gongo chini taratibu, kama mtu anayeweka kikapu, nikaanza kutembea kwenda besi ya kwanza. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nacheka.

Mwamuzi akaniita nirudi.

Nilidhani ananiuliza kama nimeumia. Akasema hapana, rudi upige. Hukujaribu kukwepa, akasema. Sheria inataka mpigaji ajaribu kukwepa. Ukisimama makusudi ukagongwa, hupewi kitu, unahesabiwa tu mpira mbaya mmoja zaidi.

Nikamtazama. Mzee Harish alikuwa ameingia uwanjani akibisha. Wenzangu wote walikuwa wanabisha. Msimu mzima nasemwa kwa kukwepa. Nimeshushwa cheo kwa kukwepa. Nimepigwa na dada yangu kando ya mapipa ya taka, nimechukuliwa kuwa mwanamke anayeteswa, na siku moja tu niliyosimama naambiwa ungekwepa.

Nikaokota gongo.

Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, ikaingia machoni. Sijawahi kuona mpira vizuri namna ile. Mzuri nikaugusa ukaenda nje ya mstari, zamu ikaendelea. Mwingine nikaugusa. Mbaya nikauacha. Mzuri nikaugusa tena. Yule mrushaji alikuwa anatokwa jasho. Wa mwisho ulipita chini ya goti, nikauacha, mwamuzi akanyoosha mkono kuelekea besi ya kwanza. Mipira minne mibaya. Nenda.

Nikaenda. Mbavu zilikuwa zinawaka. Kila mtu uwanjani alijua nitaiba, na mrushaji alijua, akarusha besi ya kwanza mara mbili kunizuia. Nikaangalia bega lake. Bega likasema. Nikaondoka. Besi ya pili niliifika kwa tumbo, vumbi mdomoni. Mpira mmoja baadaye nikaondoka tena. Besi ya tatu. Mdakaji wao hakurusha hata.

Anayepiga wakati wote huo alikuwa Connor, na mipira yote miwili alikuwa ameikosa. Nilimwangalia kutoka pale nikamwomba Mungu amjalie subira. Akapiga na wa tatu. Ukaenda juu, mfupi, hauna maana, ukadakwa na kijana wao wa kushoto. Mpira ukishadakwa, aliyepo besi ana ruhusa ya kukimbia kwa hatari yake. Mpira mfupi namna ile watu hawakimbii. Mzee Harish alikuwa ameinua mikono yote miwili nisimame.

Nikakimbia.

Mpira ulifika nyumbani kabla yangu. Nilimwona mdakaji amepiga goti njiani, mpira mkononi, ananisubiri aniguse nao nitoke. Mkono wake ukanijia. Nikajipinda. Ulipita mbele ya shingo yangu, nilisikia upepo wake, na nikagusa nyumbani kwa vidole vya mkono wa kushoto nikiwa nimelala chali.

Tumeshinda.

Watu wote walinipita wakikimbia. Walikuwa wanaenda kwa Connor. Walimbeba juu. Mzee Harish alimshika kichwa akambusu paji la uso. Mimi nilibaki palepale vumbini, kwa sababu kuinuka kulikuwa kunauma, na kwa sababu sikujua niinuke niende wapi.

Aliyekuja kuniinua ni Mwanaidi, na goti lake bovu, mwavuli mkononi. Alinipangusa mgongo kwa nguvu kama nguo inayofuliwa.

Jumatano, 3 Septemba

Picha za fainali. Connor na kikombe. Connor juu ya mabega. Maelezo yanasema pigo la Connor limeleta ubingwa. Pigo lile lilidakwa! Salma amepitia zote kunitafuta mimi. Amekuta moja, nimelala chali, nimefumba macho, nafanana na maiti. Ameniambia "You look sick, Mum," na inaonekana kwa vijana wa huku hiyo ni sifa.

Jioni ujumbe wa Mzee Harish. Ameandika Kiswahili. Anashukuru kwa mchango wangu. Anasema mpangilio umefanya kazi vizuri sana, kwa hiyo mwakani tutaendelea nao. Connor wa kwanza, wewe wa tisa. Umepaweza hapo, dada.

Nimepaweza.

Nimeandika jibu refu nikafuta. Nimeandika fupi nikafuta. Nimemtumia alama ya dole gumba. Sijui kwa nini. Nimelitazama lile dole nikataka kutupa simu kwenye beseni.

Jumapili, 7 Septemba

Hakuna mechi. Nimekuwa Woolwich tangu asubuhi. Mvua nyepesi, dirisha wazi, harufu ya iliki.

Mwanaidi alikuwa jikoni anaongea na mama yetu, simu ameiegemeza kwenye kopo la unga, sauti juu. Mimi nilikuwa nimejilaza sebuleni na barafu ubavuni. Nilidhani wanaongea habari za mjomba. Kisha nikasikia anasema, akapigwa, mama, akasimama, wakamrudisha.

Alisimulia yote. Mipira niliyoiacha na niliyoigusa. Besi ya kwanza kwa miguu, ya pili kwa tumbo, ya tatu mdakaji ameshika mpira hana la kufanya. Hakukosea hata kimoja. Sikujua kama alikuwa anafuata, nilidhani alikuja kukaa juani. Mama akauliza nani alimsaidia kurudi nyumbani. Mwanaidi akasema hakuna, kuna kijana aliurusha mpira juu ukadakwa, mwenyewe ndiye aliyekimbia.

Nikabaki nimelala na macho juu. Miaka saba sijawahi kusikia mtu akiisimulia hivyo. Hata mimi humu siisimulii hivyo, nalalamika tu.

Halafu mama akauliza, na sauti yake ikafika mpaka sebuleni, "Sasa kama ni yeye, mbona wanamweka mwisho?"

Mwanaidi akasema muulize mwenyewe, akaniletea simu. Nikamwamkia. Mama akarudia swali. Nikamweleza habari ya Kocha. Akauliza, ulimwambia unataka kuanza wewe? Nikasema hapana. Akasema haya, mwanangu, mbavu zipake mafuta ya nazi.

Nikaweka simu ya Mwanaidi kando, nikachukua yangu. Kisha nikampigia Mzee Harish. Alikuwa dukani, nikasikia kengele ya mlango na mtu anauliza bei ya taa. Sikumsalimia sana. Nikasema, "Mwakani napiga wa kwanza, Kocha. Si wa tisa. Wa kwanza."

Nilikuwa na hoja zangu zote tayari, za msimu mzima.

"Mbona hukuwahi kusema, dada?" akasema. "Mimi nilidhani kwako wewe yote sawa."

Nikamwambia hapana, si sawa.

"Haya," akasema. "Wa kwanza." Akaniomba radhi, mteja anamsubiri.

Nikarudi jikoni. Mwanaidi alikuwa anakwangua sufuria. Akasukuma sahani ya ukoko upande wangu wa meza, nikakaa, tukala.